Tembe Zilizomfanya Dishon Nabii

Mwaka ule wa uhuru, wakati wanaume wengine wa Rangwe wanapigania mashamba, Dishon alikuwa anaangalia ukuta. Haongei, halimi, chakula mpaka alazimishwe. Bibi yake Jedidah akamburuta hospitali, na daktari akampa tembe za kuondoa huzuni. Zikamsaidia, hiyo siwezi kukataa. Akaanza kula, akaanza kuongea, tena kuongea sana. Lakini mwili nao ukaanza kuruka. Ameketi tu, bega linaruka. Amelala, mguu unampiga Jedidah teke.

Mtu mwenye akili angerudi kwa daktari. Dishon alienda kanisani. Kanisa lao lilikuwa la kanzu nyeupe na ngoma, na mtu akirukaruka pale wanasema Roho ameshuka. Dishon aliruka hata kabla ngoma haijapigwa. Basi hao wajinga wakamkalisha mbele, wakamchinjia kuku. Na yeye, mtu ambaye hawezi kutabiri mvua hata mawingu yakiwa juu ya kichwa chake, akawa nabii. Jumapili moja akatangaza ati Roho amemwonyesha Helen, binti ya mzee Walter, awe bibi yake wa pili.

Jedidah hakulia. Alibeba kopo la tembe mpaka Homa Bay, akamuuliza daktari. Daktari akasema hiyo kuruka inaletwa na dawa, watu wengine inawafanya hivyo. Asimkatie mara moja, ampe nusu. Jedidah akarudi, akafungia kopo ndani ya sanduku, ufunguo akaufunga kwa leso kiunoni.

Dishon akanung'unika siku nyingi, akimwita Jedidah binti wa Rusinga, kwa jina la kwao.

“Nyar Rusinga, unazima Roho wa Mungu.”

“Baba Cephas, Roho gani huyo anakaa kwa kopo?”

Jumapili ya kumposa Helen ikafika. Ngoma zikalia, Dishon akasimama mbele na kanzu imepigwa pasi, akangoja. Bega likanyamaza. Akangoja tena. Mwishowe akajirusha mwenyewe, polepole, kama mtu anaruka matope na viatu vipya, jicho moja likimwangalia mzee Walter kama ameona.

Walter alikuwa ameona. Hata watoto walikuwa wameona. Akamshika binti yake mkono.

“Twende nyumbani, mama. Roho wa huyu anatuchungulia kwanza.”

Dishon alirudi kwake akimlaumu Jedidah, ati amemwaibisha mbele ya watu wa Mungu. Jedidah akamvunjia nusu tembe, akampa na maji, akamwonyesha jembe. Dishon akameza, akaenda shambani. Huko hakuruka hata kidogo, na hakulima sana pia.