Alama ya Kujumlisha

"Zoezi Shirikishi la Ubainishaji wa Maeneo ya Alama za Usalama Barabarani" lilifika Bombambili likiwa na mtu mmoja na kopo la rangi nyekundu. Mama muuza vitumbua alipomwona akichora ukutani kwake, aliacha vitumbua viungue.

"Mwanangu, hiyo X ndiyo ya kunibomolea nyumba?"

"Hapana, mama. Hiyo ni alama ya kujumlisha. Tunapima tu."

Mama aliinamisha kichwa upande. "Mbona nikiitazama hivi ni X?"

"Basi simama wima, mama."

Nami sijawahi kuona rangi nyekundu ya serikali ikimjumlishia mtu kitu.

Nyumba haikubomolewa. Mbele yake kimesimikwa kibao cha kuonya madereva kuhusu tuta, na tuta halijajengwa.