Shemeji Anaizunguka Hifadhi

Shemeji alifika kiangazi kilipoanza, akasema atakaa wiki moja tu aizunguke hifadhi yote ya pwani, mikoko na fukwe zake. Kiangazi kikaelekea ukingoni, naye hajavuka kibaraza. Alikuwa na buti mpya na darubini shingoni, na darubini yenyewe aliielekeza jikoni kuona kama chakula kimeiva.

Mwenye jiko, mke wa askari wa hifadhi, alimdharau bila kujificha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ungempa jembe angeliegemea asinzie. Lakini alikuwa kaka mkubwa wa mumewe, na mume kila akiambiwa alijibu, "Vumilia, mke wangu. Nitamfukuzaje kaka?"

Angevumilia, kama si nyani. Shemeji alianza kuwarushia mkate ili apige nao picha awatumie rafiki zake: "Leo nimekutana na kundi porini!" Pori gani, na kamba ya nguo inaonekana nyuma yake? Mume akaziona picha zile, akacheka mpaka machozi.

Kwenye nyumba za watumishi kosa hilo halina msamaha. Nyani akizoea kulishwa huvunja milango, kwa hiyo anayemlisha hutolewa hifadhini.

"Shemeji, utatuponza," mwanamke alisema.

"Ondoa hofu. Wanyama wananipenda."

Haukupita muda, dume moja likaingia kwa jirani, likamng'ata mtoto mkono. Mhifadhi mkuu akaja mwenyewe, uso umemkunjamana.

"Nani anawalisha?"

Shemeji, domo lote lile, akanywea. "Mimi mgeni tu, mkuu. Mambo ya chakula muulize shemeji yangu huyu."

Mwanamke alimgeukia mumewe, akangoja. Mume akakohoa, akatazama buti zake.

"Wanawake hawa, mkuu," akasema. "Nilimkanya."

"Basi kesho aondoke. Wewe baki na kazi yako."

Asubuhi mwanamke alifunga begi lake. Dharau aliyokuwa akimpa shemeji miezi yote aliona sasa ilikuwa imepotea njia. Yule alikuwa mvivu na mwongo, basi. Mume akamfuata mbio njiani, akashika begi amsaidie mpaka getini.

Mkewe akalivuta kutoka mkononi mwake.

"Rudi," alisema. "Kaka yako hajala."