Mahojiano Yaliyonigeukia Sabaki

Siku yangu ya kwanza ya majaribio redioni, Mhariri Mkuu alinikabidhi kinasa sauti akanituma Sabaki kumhoji Mama Kadzo, mkulima ambaye shamba lake lilikuwa limezolewa na mafuriko. Nilikuwa msichana wa Mambrui mwenye buibui jipya, na maswali ishirini nimeyaandika kwa wino mwekundu.

Nilimwamkia, nikaanza. "Mafuriko yalikuwa mabaya?"

"Ndiyo."

"Ulipata hasara?"

"Ndiyo."

Hayo, wanangu, huitwa maswali funge: mtu hujibu ndiyo au la, basi. Yangu yaliisha kabla chai haijapoa. Ndipo Mama Kadzo, huku akipukuchua mahindi, akaniuliza, "Na wewe, nyumbani kwenu kukoje?" Kisha akanyamaza. Nami kwa kuuogopa ule ukimya nikamwaga yote: kwamba nimeposwa, kwamba mchumba ni mtu mwema ila akicheka hukoroma, na sijui nimkatae vipi.

Alasiri Mhariri Mkuu aliisikiliza kanda mbele ya ofisi nzima. Akavua miwani. "Hebu nieleze, bibie. Hapa nani amhoji nani?" Wenzangu walicheka hadi machozi. "Kesho rudi Sabaki. Ukiniletea tena habari za mchumba, nenda moja kwa moja ukaolewe!"

Kesho yake niliiacha karatasi nyumbani. "Mama, maji yalipoingia ulikuwa wafanya nini?" Hilo ni swali wazi. Nikauma ulimi, nikangoja. Alipukuchua hindi zima.

"Nilimpandisha mbuzi darini kwanza," akasema. "Mume wangu huko chini alia, 'Na mimi je?' Nikamwambia, wewe wajua kuogelea." Tukacheka. Kisha yeye akaacha. "Walikuja watu kuandika majina ya watakaopewa mbegu. Walisimama kule barabarani, wakaandika kwamba huku hakuishi mtu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa habari. Tuliitangaza, na juma lile lile waandikaji wakarudi, safari hii suruali wamezikunja magotini. Mbegu zikafika, nami nikaajiriwa. Mchumba pia nilimkubali. Akikoroma sasa, nacheka naye.

Baadaye niliazimwa kwa watafiti wa mikoko kule Dabaso, chini ya Mtafiti Kiongozi, bwana aliyeiamini sana hojaji, ile karatasi ya maswali yenye visanduku vya kutia alama. Nilimuuliza mzee mmoja mfuga kaa kama aridhika na maisha. "Asubuhi naridhika," akasema. Nikaandika hivyo hivyo.

"Kisanduku cha asubuhi hakipo!" akafoka Mtafiti Kiongozi.

"Basi tukichore, bwana."

Akaninyang'anya kalamu.

Nilipostaafu ndipo nikatambua kwamba sijawahi kumhoji mamangu mzazi. Nikaketi naye jikoni, simu nimeiweka inase sauti. "Mama, siku ulipoletwa nyumba hii kuolewa, ulikuwa wawaza nini?"

Akakuna nazi hadi kifuu kikabaki kitupu. "Zima hicho kidude," akasema.

Nikakizima. Alizungumza mpaka wali ukaungua. Hayo ndiyo mahojiano bora niliyopata kuyafanya, na siwezi kuwaandikia hata neno moja.