Foleni Mbele ya Picha ya Sabuni

Cheo nilichokitamani tangu ujana nilikipata siku ambayo hapakuwa na mtu mwingine wa kupewa. Kampuni yetu ya matangazo pale Jinja ilikuwa ndogo lakini yenye kelele. Mwenye kampuni, Mhindi aliyenifundisha kazi, aliondoka na Wahindi wenzake walipofukuzwa Uganda. Mwandishi wa maneno, Mkenya mcheshi, akarudi kwao. Waliobaki wakajiendea vijijini mmoja mmoja, bila kuaga. Afande aliyegawiwa kampuni na serikali alikuja, akazitazama meza tupu, akaninyooshea kidole. "Wewe sasa mkubwa ya picha," akasema.

Kazi ya mkuu wa picha ni kuamua tangazo lionekaneje, kisha wachoraji huchora. Mimi niliamua, nikachora, nikajisifu, yote peke yangu. Mchana nilikula nikitazama viti vya wenzangu. Nilikuwa mpweke hata nikaanza kuwajibu watangazaji wa redio, nao hawakuwa watu wa kujibiwa.

Na tutangaze nini? Sukari ilikuwa ya kusimuliwa, chumvi ya kubahatisha, sabuni ndiyo usiseme. Nilishinda nikifuta majina ya zamani kwenye maduka na kuandika mapya. Mtoto wa shule angeweza kuifanya kazi ile.

Ndipo yule Mkenya aliponiletea salamu kwa mdomo wa dereva wa lori. Alikuwa amepata kazi Nairobi, na huko walitafuta mkuu wa picha. Walitaka nipeleke picha ya kamera ya kazi moja niliyoiongoza mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Moja tu. Sikuwa nayo, maana kazi zote za zamani zilikuwa za tajiri wangu.

Mungu si Athumani, nikapata mteja Mbale. Mzee mmoja Mwislamu mwenye duka karibu na soko alikuwa ameahidiwa sabuni kutoka kiwandani, akataka tangazo ukutani. Nililichora kwanza kwenye karatasi chumbani kwangu Jinja, mtaa wa Nalufenya, nikaigawa karatasi miraba ili niikuze ukutani bila kupotoka. Mikono miwili ya mama, povu, na mche wa sabuni ya buluu mrefu kuliko mimi.

Mbale nilipanga chumba mtaa wa Malukhu na sikupata wa kuzungumza naye. Lugha yao siijui, na Kiswahili changu kiliwafunga watu midomo, kwa kuwa wengi walikizoea kikitoka kwa askari. Niliwasalimu, wakaitikia huku wakiondoka. Basi nikazungumza na ukuta, na ukuta ukanielewa.

Asubuhi nilipomaliza, nilimwita mpiga picha wa mjini, aliyebakiza filamu moja. Akaniambia atakuja jua likiufikia ukuta. Nikaenda kunywa chai isiyo na sukari. Niliporudi, nilikuta foleni.

Siku zile mtu akiona foleni alijipanga kwanza, akauliza baadaye wanauza nini. Mmoja alisimama kuitazama picha yangu, mwingine akasimama nyuma yake, na sasa safu ya akina mama wenye mabeseni na watoto mgongoni ilikuwa imefika sokoni. Sitadanganya, moyo wangu uliruka kwa furaha. Hakuna picha yangu iliyowahi kumfanya mtu yeyote afanye chochote.

Mzee mwenye duka alinivuta kando. Alisema sabuni haijafika na leo haifiki, na askari wakiona umati ule mbele ya duka tupu watasema ameificha auze kwa magendo. Jirani yake alichukuliwa kwa neno hilo hilo, hakurudi. Nilimwomba tumsubiri mpiga picha, ni kitambo kidogo tu. Alitazama barabara. Gari la jeshi lilipita polepole, likakata kona.

"Futa, mwanangu," akasema.

Nilikoroga chokaa, nikapanda ngazi. Nilifikiria kuanza na mikono, nikaona ni ujinga, watu hawakuwa wamejipanga kwa ajili ya mikono. Nikaanza na sabuni. Machozi yalinitoka, nikamshukuru Mungu kwamba niliwapa watu mgongo. Nyuma yangu msukumano ukakoma.

Nilipoteremka kuhamisha ngazi, mama aliyekuwa wa kwanza alinisogelea na beseni lake. Siku zote nilizokaa Mbale, ukimwacha mzee mwenye duka, ndiye mtu wa kwanza kuanza kunisemesha.

"Sabuni nakwisha?" akauliza.

"Imekwisha, mama."

Akawageukia wenzake, akawaambia kwa lugha yao, nao wakaanza kutawanyika bila ugomvi. Kisha akanirudia.

"Asante wewe naambia sisi," akaniambia. "Watu ingine naacha sisi nangoja tu."