Jani Moja la Mwambani

Mwaka nilipochaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kitongoji chetu, huku milimani juu ya Lushoto, kichwa kilinivimba. Msaragambo wangu wa kwanza, kazi ya pamoja ya kitongoji kizima, ulikuwa wa kusafisha chemchemi. Niliagiza matawi ya mkuyu yakatwe yasiangushe majani kwenye bomba, na mwamba ukwanguliwe magugu yote. Kufika saa nne jua lilikuwa linapiga mahali ambapo halikuwahi kufika. Nikashika kiuno, nimeridhika kabisa.

Mama akaja na ndoo yake ndogo. Aliutazama mwamba, akaiweka ndoo chini.

"Maua yangu yako wapi?"

Maua yale ya zambarau, yenye majani manene ya manyoya, nimeyaona tangu nikiwa mgongoni kwake. Januari, joto likianza, ndipo yanapochanua sana. Hayana tamaa ya shamba: yanataka kivuli, jiwe lenye unyevu na mboji kidogo kwenye ufa, basi. Nilikuwa nayajua hayo yote, na bado niliyaita magugu. Bondeni kwetu mashamba ya kabeji na viazi yamemaliza vivuli vyote hadi mtoni. Maua hayo yalikuwa yamebaki pale tu.

"Nani kasema yang'olewe?"

Watu wakaanza kukagua majembe yao.

"Ni mimi, mama."

Nilingoja anigombeze. Laiti angenigombeza. Alipiga magoti kwenye lundo la takataka, akachambua na kuchambua, sisi sote tumesimama kama nguzo, mpaka akapata jani moja lenye kikonyo kizima. Mengine yote yalikuwa yamepondwa. Akalifunga kwenye pindo la khanga, akaondoka bila kuteka maji.

Jani hilo alilichomeka kwenye kopo la siagi lenye mboji na changarawe, akaliweka dirishani upande usiopigwa na jua. Baada ya miezi mitatu vijani vidogo vikachomoza shinani. Nilifurahi kuliko yeye. Juzi nikachukua kikombe ili nilimwagilie. Mama akanishika mkono, taratibu kabisa.

"Acha, mwanangu. Nimeshaongea na jirani. Siku nikifa atakuja kulichukua yeye, alitunze."

Nikakirudisha kikombe mezani. Kilikuwa bado kimejaa.