Fundi Mapazia na Jua la Dirishani

Kwa miaka ishirini na miwili fundi mapazia alipigana na jua, na jua halikumshinda. Dirisha la chumba chake cha kazi alilifunika kwa kitambaa kizito tabaka mbili, maana nguo ya mteja ikipigwa jua huchujuka, na mteja hataki hadithi. Aliingia humo asubuhi, akawasha taa, akatoka jioni. Nusu ya kiza cha mtaa ule alikishona yeye, na alijivunia kimyakimya.

Kisha mapaja yakamgomea. Kazi ya pazia huishia juu ya ngazi, naye sasa akifika kidato cha tatu miguu inatetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa jana. Fundi mapazia asiyeweza kutundika ni mshona shuka tu. Mkewe alisema ni uzee, shemeji yake akasema ni husuda, naye akawaamini wote kwa zamu.

Zahanati walimpima damu. Daktari, mama asiyemung'unya maneno, akamwambia vitamini D yake iko chini mno, ndiyo maana mifupa inauma na misuli haina nguvu. Akampa vidonge, akamwambia apate na jua. Fundi akainamisha kichwa. Kukosa jua katika mji ambao hata mbwa wanalikimbia! Aliona haya kuuliza zaidi.

Vidonge akavitia kabatini; jua ni la bure, ya nini kumeza? Akafungua pazia shibiri moja, akasogeza kiti kwenye mwanga, akashona huku jasho likimtoka. Baada ya miezi miwili robota la kitambaa cha kijani la mteja lilikuwa limepauka, na mapaja yalikuwa yaleyale. Akarudi zahanati.

"Jua umeliota wapi, baba?" daktari akauliza.

"Dirishani."

"Dirisha umelifungua?"

"Lina kioo, daktari. Nalifunga kwa ajili ya vumbi."

Daktari akajiziba mdomo kwanza. Kisha akamweleza kwamba kioo hupitisha joto na mwanga, lakini huzuia ule mwali unaoifanya ngozi itengeneze vitamini.

"Kwa hiyo aliyetibiwa ni kitambaa," fundi akasema.

Akaanza kumeza vidonge, na kila siku akatoa cherehani kibarazani kwa muda, mikono ya shati imekunjwa. Majirani walitaka kujua mkewe amemfukuzia nini. Mkewe mwenyewe alimtazama siku moja akasema, "Kumbe una rangi, baba watoto. Nilishasahau."

Ilipita miezi kabla hajafika kidato cha sita. Kazi ya kwanza ilikuwa chumba cha daktari yuleyule, naye ndiye aliyemshikia ngazi.

"Funga kiza kabisa, fundi. Hili jua linaniua, nashinda humu tangu asubuhi."

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, kwa haya.

"Daktari, wewe damu ulipima lini?"

Ngazi ikatikisika kidogo. "Basi acha uwazi wa shibiri," daktari akasema.

"Lina kioo, mama," fundi akajibu, akaendelea kutundika.