Mtaa Usio na Mtani

Nyumba tuliyopewa Tabora ilikuwa ya tatu katika safu ya nyumba kumi na mbili, zote zimepakwa chokaa, zote zikitazama upande mmoja kama watu waliopangwa foleni na kukatazwa kugeuka. Sakafu ilikuwa ya saruji. Mwisho wa safu palikuwa na bomba la maji. Waingereza walikuwa wameujenga mtaa ule ng'ambo ya reli kwa ajili ya wafanyakazi wao, na baba yangu, seremala, alipokabidhiwa ufunguo aliugeuzageuza mkononi siku nzima.

Mama hakuja nasi. Alibaki kijijini kwetu Tura na mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea.

"Tangulieni," alisema. "Nyumba hata kipofu ataipapasa aijue. Lakini mtaa wa kulelea watoto, mtoto ndiye atakayeniambia."

Mtoto huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka tisa, na Tura hapakuwa na shule ya kunitosha. Basi nikaishi katika mtaa ule kama mwonja chumvi. Nilirudi kutoka shuleni mchana, nikakaa kizingitini. Watoto walikuwepo. Walipita na madaftari yao, wakaitwa ndani, kila mmoja kwa lugha ya kwao, na milango ikafungwa. Nilijifunza kuzitambua lugha zile kwa mlio tu, kama unavyowatambua ndege usiowajua majina. Watu wazima walikuwa na adabu. Nilisema shikamoo, wakasema marahaba, wakashika njia yao. Siku moja nilimwaga ndoo nzima bombani, makusudi, nione nani atanigombeza. Waliyaruka maji, wakapita.

Mwezi ulipokwisha, barua ya mama ilikuja, imeandikwa kwa mkono wa katekista. Baba alinisomea Jumapili tulipotoka kanisani. Mama hakuuliza habari za sakafu wala bomba. Aliuliza jambo moja: mwulize mtoto, nani anamtania?

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani na kurudi kwa miguu, pembe za ndovu begani, na katika njia ile ndefu Wanyamwezi wenzake walijipatia watani: Wagogo, waliowatoza hongo, ule ushuru wa njia, kwa maji ya visima vyao, na Wazaramo, waliowapokea karibu na bahari. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, ya kukunyang'anya kitu mkononi, ya kumbandika mwanao jina baya. Na siku ya msiba yeye ndiye atakayekuchekesha ukiwa bado unalia. Kwa mama, mtoto asiyetukanwa na yeyote ni mtoto ambaye hakuna anayemwona.

Nilijua jibu la kweli. Nilijua pia kwamba jibu hilo lingembakiza mama Tura.

"Mama wa nyumba ya nne," nilisema. "Ni Mgogo. Ananiita Kichwa Kinu."

"Mgogo?" baba aliuliza.

"Ndiyo, baba."

Alinitazama kidogo, kisha akachovya kalamu katika wino. Mpaka leo sijui kama aliamini. Nadhani naye alikuwa amechoka kujipikia ugali.

Mama alishuka stesheni na kikapu cha matobolwa kichwani, vile viazi vya kwetu vilivyochemshwa na kukaushwa, na mdogo wangu mgongoni. Usiku ule nililala nimeshika pindo la kanga yake. Asubuhi, kabla sijavaa sare, alisimama uani akauliza, "Nyumba ya nne ni hii hapa?" Sikupata hata nafasi ya kujibu.

Alifika mlangoni kwa jirani, mikono kiunoni.

"Wewe mwizi wa maji, toka nje. Babu yangu alitoa nguo kwenu ili anywe matope. Leo nimekuja kunywa bure."

Akaingia, akaitwaa kata juu ya mtungi, akachota, akanywa, kisha akaificha kata ile ndani ya kanga yake, akicheka, akingoja kutukanwa.

Jirani alirudi nyuma mpaka ukutani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtu wa Bukoba, asiye na mtoto.

"Sikujui, mama," alisema polepole. "Ukitaka maji, chukua. Ukitaka na kata, chukua tu."

Kicheko cha mama kilikatika. Aliirudisha kata kwa mikono miwili, akaomba radhi, akatoka.

Hakunipiga. Alikaa kitandani, akanivuta katikati ya magoti yake.

"Hakuna anayekutania."

"Hakuna, mama."

"Hata mmoja?"

Akanipapasa kichwa, kisogoni, juu ya masikio. "Na kweli ni kinu," alisema, lakini hakucheka.

Alikaa siku nne. Siku ya mwisho niliwasikia wakizungumza uani.

"Watu wa hapa wamekuja juzi tu," baba alisema. "Wape muda."

"Wape wewe, baba watoto. Mkubwa ana shule, sina la kusema. Lakini mdogo simleti akulie mahali ambapo hata akilia njiani, wataitikia marahaba wapite."

Treni ilipoanza kusogea alitoa kichwa dirishani, akapaza sauti stesheni nzima isikie: "Kichwa Kinu, usisahau kula." Watu waligeuka kunitazama. Nilisimama pale hadi behewa la mwisho likapotea, nikitamani wasiache kunitazama.

Mvua zilikuwa zimeanza siku mama wa nyumba ya nne aliponikuta bombani. Aliweka ndoo yake nyuma ya yangu.

"Mama yako atarudi lini, mwanangu?"

"Hatarudi."

"Mume wangu kanieleza. Kumbe ule ni mchezo wenu." Akautazama mlango wake, uliokuwa umefungwa kama milango mingine. "Tangu tuhamie hapa, ni yeye tu aliyewahi kuingia ndani kwangu."

Ndoo yangu ilijaa, ikaanza kumwagika. Tuliyaangalia maji yale yakienda, sote wawili, na hakuna kati yetu aliyejua aanze na tusi gani.